Nani Huyu Unayemwita Bwana?

Jina la Yesu limejaa katika nchi yetu. Limeandikwa nyuma ya daladala na kwenye vioo vya bajaji, limechorwa juu ya milango ya saluni na maduka ya dawa, linatajwa harusini na msibani, uwanjani mchezaji akifunga bao, hospitalini mgonjwa akiingizwa chumba cha upasuaji. Ashukuriwe Mungu kwa hilo. Lakini mtume Paulo, alipowaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, hakusema kwamba shauku yake ni kulitaja jina. Alisema amehesabu kila alichojivunia kuwa hasara, ili amjue mwenye jina, azijue nguvu za kufufuka kwake, na ashiriki mateso yake. Nawasihi leo, ndugu zangu, tusogee kutoka kwenye jina hadi kwa mwenyewe. Mtu anaweza kulivaa jina la Yesu kifuani maisha yake yote, akafa hajamjua.

Fungueni Mathayo sura ya 16, twende Kaisaria Filipi. Bwana aliwachukua wanafunzi wake kaskazini kabisa, chini ya mlima Hermoni, mahali ambapo moja ya chemchemi za mto Yordani hububujika kutoka kwenye mwamba. Penye mwamba ule palikuwa na pango ambamo wapagani walimwabudia Pan, mungu wao wa malisho. Katika eneo lile lile Herode Mkuu alikuwa amejenga hekalu kwa heshima ya Kaisari Augusto, na baadaye Filipo mwanawe akaupanua mji na kuuita kwa jina la Kaisari. Kila jiwe la mahali pale lilikuwa linakiri bwana fulani. Hapo ndipo fundi seremala wa Nazareti, asiye na pa kulaza kichwa, alipowageukia watu wake na kuwauliza watu wanamnena kuwa ni nani.

Majibu yakaja. Yohana Mbatizaji. Eliya. Yeremia. Mmoja wa manabii. Msiyapite haraka majibu haya, maana hakuna tusi ndani yake. Ni majibu ya heshima kubwa. Watu wa Galilaya walimpandisha Yesu hadi ngazi ya juu kabisa waliyoijua, wakamweka kando ya Eliya aliyeteremsha moto kutoka mbinguni. Na bado walikuwa wamekosea. Ndipo swali likawageukia wao wenyewe, na Petro akajibu kwamba yeye ndiye Masihi, Mwana wa Mungu aliye hai. Bwana akamwita heri, akasema jibu hilo halikutoka kwa mwanadamu. Limetoka kwa Baba.

Hapo ndipo wahubiri wengi tunapokomea. Tunafunga Biblia, kwaya inasimama. Lakini someni mbele, sura ile ile. Yesu akaanza kuwaeleza kwamba imempasa kwenda Yerusalemu, kuteswa, kuuawa, na siku ya tatu kufufuka. Petro akamvuta kando na kuanza kumkemea. Fikirini hilo: mtu anamkemea yule ambaye punde tu amemkiri kuwa Mwana wa Mungu! Hasira yake ilitoka kwenye upendo, sina shaka, maana nani anataka rafiki yake afe? Hata hivyo Bwana alimgeukia akamwita Shetani. Kinywa kile kile kilichopokea neno la Baba sasa kilikuwa kinasema maneno ya adui, na pengine mwenyewe hakujua ni lini maneno yalibadilika.

Ni nini kilichompata Petro? Cheo cha Yesu alikijua, kazi ya Yesu akaikataa. Alitaka Masihi asiye na msalaba. Na neno nililo nalo kwenu leo ni hili: huwezi kumjua Kristo ni nani huku ukiikataa kazi aliyokuja kuifanya, wala huwezi kuishika kazi yake ukiwa umempunguza yeye mwenyewe. Ukipunguza hapa, umeharibu na kule. Kanisa limelijua hili kwa machozi tangu karne ya kwanza, na sisi tunalazimika kulijua upya.

Kwanza, ni nani. Marko anatupeleka Kapernaumu, kwenye nyumba iliyofurika watu hata mlangoni. Wanaume wanne wamembeba mwenzao aliyepooza, wamepanda juu, wametoboa dari, wamemteremsha na godoro lake mbele ya Yesu. Kila mtu anasubiri apone miguu. Yesu anamwambia dhambi zake zimesamehewa. Waandishi waliokuwa wameketi pale wakaanza kunung'unika moyoni kwamba huyu anakufuru, kwa kuwa hakuna awezaye kusamehe dhambi ila Mungu peke yake. Ndugu zangu, waandishi wale walikuwa sahihi! Theolojia yao haikuwa na kosa. Tuseme umekopa unga na sukari dukani kwa mangi, na deni lako limeandikwa kwenye daftari lake. Mimi nikipita njiani nikakwambia deni lako limefutwa, utanishangaa, na mangi atakasirika. Nina mamlaka gani juu ya daftari lisilo langu? Anayeweza kulifuta ni mwenye duka peke yake, naye akilifuta, hasara inabaki kwake. Yesu wa Nazareti alimtazama mtu ambaye Injili haisemi alimkosea nini, akafuta deni lake lote mbele za Mungu. Ama alikufuru, ama daftari ni lake. Hakuwaacha nafasi ya tatu. Kisha akamwambia yule mtu ainuke, ajitwike godoro lake, aende nyumbani, na akaenda.

Mnataka zaidi? Kornelio alipomwangukia Petro miguuni, Petro alimwinua na kumwambia kwamba yeye naye ni mwanadamu. Watu wa Listra walipoleta ng'ombe wawatolee sadaka Paulo na Barnaba, mitume wale walirarua mavazi yao kwa uchungu. Yohana katika Ufunuo alipoanguka mbele ya malaika, malaika alimkataza na kumwelekeza amsujudie Mungu. Hivyo ndivyo afanyavyo kila mtumishi mwaminifu, awe mtume au malaika. Sasa mtazameni Tomaso, siku ile milango ikiwa imefungwa, mbele ya makovu ya misumari. Alimwita Yesu Bwana wake na Mungu wake. Bwana hakurarua vazi. Alimgusia kuchelewa kwake kuamini, na alichokiamini akakipokea.

Nina majirani Waislamu, watu wa swala tano na ukarimu mwingi, wanaomheshimu Isa bin Mariamu kama nabii mkubwa. Nawapenda, na kwa sababu nawapenda sitawaficha tofauti yetu. Tofauti iko hapa hapa: sisi tunaungama kwamba nabii huyu ni zaidi ya nabii, kwamba yeye aliyetumwa ni mmoja na yeye aliyetuma. Mkristo anayeona haya kulisema hili ili amani ya mtaa isivurugike hajamheshimu jirani yake. Amemnyima ukweli ambao jirani ana haki ya kuusikia kwa upole, kisha aukubali au aukatae mwenyewe.

Lakini pana kosa la upande wa pili, nalo lilikuja mapema sana. Mapema kabisa walikuwapo watu waliokana kwamba Yesu ni mtu kweli. Walisema alionekana tu kama mwenye mwili. Kwamba aliye Mungu hawezi kuumwa njaa, hawezi kutoka jasho, sembuse damu. Yohana aliwaona watu hao wakiingia makanisani, akaandika katika waraka wake wa kwanza kwamba roho isiyokiri kuja kwa Yesu Kristo katika mwili haikutoka kwa Mungu. Mwanzoni mwa karne ya pili, Ignasio askofu wa Antiokia alisafirishwa chini ya ulinzi wa askari hadi Roma ili atupwe kwa wanyama wakali. Njiani aliyaandikia makanisa, na barua zake kadhaa zinarudi kwenye jambo hili: alizaliwa kweli, alikula na kunywa kweli, alisulubiwa kweli. Akauliza kwa nini yeye amefungwa minyororo, kama mateso ya Bwana wake yalikuwa ya kuonekana tu. Hilo ni swali la mtu anayekwenda kufa, na mtu anayekwenda kufa hana muda wa kuchezea maneno.

Basi shikeni hili kwa mikono miwili. Yesu alichoka, akaketi penye kisima cha Yakobo kule Sikari saa ya jua kali, akamwomba maji mwanamke Msamaria. Alilala kwenye mto wa kichwa, mashua ikijaa maji. Alilia kaburini kwa Lazaro, naye akijua kwamba punde atamwita atoke. Alikuwa na mama, alikuwa na kijiji kilichomdharau, alikuwa na rafiki aliyemuuza. Dada uliyemzika mtoto wako, kaka uliyeachishwa kazi na kurudi nyumbani hujui utamwambia mkeo nini: yeye unayemwomba usiku anajua mwili unavyolemewa. Na yule yule aliyelala mashuani ndiye aliyeamka akaiamuru bahari itulie, na wanafunzi wakaogopa kuliko walivyoiogopa dhoruba, maana walizijua Zaburi zao, walijua ni nani anayetuliza mawimbi.

Nije sasa kwenye vita kubwa kuliko zote. Mwanzoni mwa karne ya nne, kule Aleksandria nchini Misri, alikuwapo kasisi aliyeitwa Ario, mtu wa kujinyima na mwenye hoja. Alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Wa kwanza, mkuu kuliko vyote, aliyetumika kuumba vingine, lakini kiumbe. Palikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Mwandishi mmoja wa kale anasimulia kwamba Ario aliyatia mafundisho yake katika nyimbo, za mabaharia, za wasaga nafaka, za wasafiri, na nyimbo zikapendwa. Sikilizeni vizuri hapo, hasa ninyi wanakwaya na waimbaji wetu wa injili. Uzushi mkubwa kuliko wote wa kale ulitembea kwa sauti tamu. Pimeni maneno ya wimbo kabla hamjainua mikono.

Mwaka 325 kaisari Konstantino akawaita maaskofu wakutane Nikea, mji wa kando ya ziwa ambao leo unaitwa Iznik, nchini Uturuki. Walikuja karibu mia tatu. Miaka michache tu nyuma serikali ya Roma ilikuwa ikiwawinda Wakristo, na wanahistoria wa kale wa Kanisa wanaeleza kwamba baadhi yao waliingia ukumbini na alama za mateso: Pafnuti wa Misri jicho lake moja lilikuwa limeharibiwa, Paulo wa Neokaisaria mikono yake ilikuwa imelemazwa kwa chuma cha moto. Watu wa namna hii hawakusafiri mwendo wote ule ili kubishania herufi. Walikuja kwa sababu waliokwisha kulipa kwa macho na mikono yao walitaka ijulikane wamelipa kwa ajili ya nani. Wakaungama kwamba Mwana hakuumbwa, kwamba yeye ni Mungu kweli, wa asili moja na Baba.

Miongoni mwa waliofuatana na askofu wa Aleksandria alikuwamo shemasi kijana, Athanasi. Miaka mitatu baadaye alikuwa askofu yeye mwenyewe. Mnadhani baada ya Nikea mambo yalitulia? Baadhi ya makaisari waliofuata walivutiwa na upande wa Ario, na Athanasi akafukuzwa jimboni mwake mara tano, akaishi uhamishoni karibu miaka kumi na saba kwa jumla, mara nyingine akifichwa na watawa katika jangwa la Misri. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kwamba cha muhimu ni kumpenda Yesu, haya mengine ni ya wasomi. Nimesikia sentensi hiyo katika makanisa yetu mara nyingi, na kila mara inasemwa kwa nia njema.

Athanasi hakunyamaza kwa sababu aliona kitakachofuata. Kama Mwana ni kiumbe, hata awe mkuu kiasi gani, basi yeye naye anaishi kwa kupewa uhai, na aliyepewa hawezi kuwa chemchemi. Kiumbe hawezi kumfikisha kiumbe mwenzake kwa Mungu. Ikiwa aliyetundikwa msalabani ni mtumishi tu wa Mungu, basi Mungu mwenyewe hajaja, ametuma mtu afe kwa niaba yake na kubaki mbali. Wokovu wetu wote unategemea kwamba aliyekuja ni mwenyewe. Mnaona sasa? Swali la ni nani na swali la alifanya nini ni swali moja. Miaka mingi baada ya Nikea, Gregori wa Nazianzo alipigana upande wa pili wa ukweli huo huo, dhidi ya waliosema Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu. Alijibu kwamba sehemu ya ubinadamu ambayo Kristo hakuitwaa, hiyo haikuponywa. Akili yangu imeanguka pamoja na mwili wangu. Akitwaa mwili tu, akili yangu anamwachia nani? Mwaka 451, maaskofu huko Kalkedoni wakaliweka wazi: Kristo mmoja, Mungu kamili na mtu kamili, bila kuchanganywa na bila kutenganishwa.

Sasa msalaba.

Kanuni ya Imani tunayoikiri kila Jumapili haimtaji Musa, haimtaji Daudi, haimtaji Petro. Inamtaja mtawala Mrumi, Pontio Pilato, aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Mwaka 1961 wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa wakifanya kazi Kaisaria ya pwani walikuta jiwe lenye jina lake. Tasito, mwanahistoria Mrumi ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato wakati wa utawala wa Tiberio. Jina hilo liko katika Kanuni yetu ili mtu yeyote asitugeuzie imani kuwa hadithi ya kufundisha tabia njema. Dhambi zetu zilishughulikiwa siku fulani, nje ya mji fulani, mbele ya watu waliopita wakitikisa vichwa.

Kwa nini alikufa? Wengine wanasema alikuwa mfia dini, mtu mwema aliyekutana na watawala wabaya. Lakini mfia dini hakamatwi kwa hiari akiwa na uwezo wa kuwaangusha wanaomkamata. Yeye mwenyewe alisema uhai wake hanyang'anywi na mtu, anautoa. Alisema alikuja kuutoa uwe fidia ya wengi. Alichagua kufa wakati wa Pasaka, siku ambazo kila nyumba ya Israeli ilikuwa ikikumbuka damu ya mwanakondoo kwenye miimo ya milango kule Misri, na mauti iliyopita bila kuingia. Isaya alikwisha kumwona mtumishi aliyejeruhiwa kwa makosa ambayo hayakuwa yake. Na Paulo anawaeleza Wakorintho kwamba asiye na dhambi aliwekwa mahali pa wenye dhambi, ili wenye dhambi wavikwe haki isiyo yao.

Hapa kijana msomi huinua mkono. Ananiuliza ni haki gani hiyo, kumwadhibu asiye na hatia na kumwachia mkosaji. Kijana wangu, swali lako ni zuri, na ningekuwa nawe upande mmoja kama Kristo angekuwa mtu wa tatu. Kama Baba angemkamata mpita njia asiyehusika na kumtwika deni letu, huo ungekuwa uonevu, na mimi nisingeuhubiri. Lakini rudi kwenye lile daftari. Nani alipata hasara? Mwenye duka. Aliyekuwa msalabani ni mwenye daftari mwenyewe, amelipa kwa mali yake, kwa mwili alioutwaa kutoka kwetu ili awe na cha kutoa mahali petu. Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu naye. Angekuwa si Mungu, asingeweza kufuta. Angekuwa si mtu, asingeweza kufa mahali pa watu. Msalaba unabeba uzito wake kwa sababu ya yule aliye juu yake, na ndiyo maana Shetani hahangaiki sana kuuondoa msalaba makanisani. Anatosheka kumwondoa aliye juu yake.

Na siku ya tatu alifufuka. Paulo, akiandika yapata miaka ishirini na kitu baadaye, anataja zaidi ya ndugu mia tano waliomwona kwa pamoja, wengi wao wakiwa bado hai, kana kwamba anamwambia msomaji aende akawaulize. Anasema wazi pia kwamba kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwake ni bure. Nami nasema vivyo hivyo. Kama mifupa yake iko mahali fulani Yudea, fungeni makanisa, gaweni viwanja kwa maskini, mwende nyumbani. Lakini kaburi lilikutwa wazi, na wa kwanza kutumwa kutoa habari walikuwa wanawake, ambao neno lao halikupewa uzito mkubwa mbele ya mabaraza ya wakati ule. Hakuna mtunga uongo angechagua mashahidi hao. Yu hai. Saa hii unaposoma, Waebrania inasema, anawaombea wanaomjia Mungu kwa yeye.

Sasa niseme kwa uchungu. Katika miji yetu leo pana watu wanaopanga foleni tangu alfajiri kununua chupa ya maji, kichupa cha mafuta, kitambaa, stika ya kubandika mlangoni, na kila kimoja kina bei. Mama mjane anauza kuku wake wa mwisho ili apande mbegu kwa mtumishi, naye anaahidiwa gari. Katika mahubiri hayo jina la Yesu linatajwa mara mia, na msalaba wake hata mara moja. Hii ni dhambi ya Petro iliyorudi ikiwa imevaa suti. Huu ndio ule ule Masihi wa Kaisaria Filipi asiye na Golgotha, Mwana wa Mungu anayetumwa dukani. Ninyi mnaofanya biashara hiyo, nawasihi mbele za Mungu, acheni. Kile Kristo alichokigharimia kwa damu, ninyi mnakiuza kwa nusu lita.

Nasi wa makanisa ya zamani, yenye kengele na kamati, tusijione salama. Kwetu Kristo amekuwa mwenyekiti wa heshima. Tunamtaja kufungua kikao na kumtaja kufunga. Na kuna wanaoketi viti vya mbele Jumapili, halafu Jumatano usiku wako kwa mganga, wanaogopa jirani, wanaogopa mkwe, wanaogopa waliokufa. Ndugu, Paulo anawaambia Wakolosai kwamba pale msalabani Kristo alizivua silaha enzi na mamlaka, akaziaibisha hadharani. Ukienda kununua hirizi baada ya hapo, umemwambia kwamba kazi yake ilikuwa nzuri ila haikutosha.

Yawezekana watu wetu kuyajua haya kwa kweli? Yamekwisha kujulikana hapa hapa. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianzia Gahini nchini Rwanda, ukasambaa Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Watu waliwaita Balokole, waliookoka.  Mahubiri yao yalikuwa juu ya msalaba na damu ya Yesu, na matunda yake yalikuwa kwamba mtu alisimama akaungama wizi wake na kurudisha alichoiba, mume akamwomba mkewe msamaha mbele ya watu, wamishonari na Waafrika wakaombana radhi. Waliomjua Kristo na kazi yake hawakuhitaji kununua chochote. Walikuwa wanarudisha.

Ndani ya uamsho huo aliokoka Janani Luwum mwaka 1948. Mwaka 1977, akiwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Tarehe 16 Februari aliuawa. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Walioiona maiti waliona matundu ya risasi. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa uamsho ule ule, akatoroka na mkewe Mera kwa miguu usiku, wakipanda milima hadi Rwanda. Alikuwa na kila sababu ya kuchukia. Mwaka ule ule akatoa kitabu ambacho jina lake lilimtaja Amin kuwa ni mtu anayempenda. Huyo ni mtu aliyesimama mbele ya Msulubiwa akasikia anavyowaombea waliompigilia misumari, akaona kwamba deni lake yeye limefutwa na kwamba hana ruhusa ya kushika daftari la mtu mwingine. Hakuna maji ya chupa yanayoweza kumfanya mtu ampende muuaji wa rafiki yake.

Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe, uliyeushika ukurasa huu. Sikuulizi mchungaji wako anasemaje, wala dhehebu lako lina miaka mingapi. Wewe wamnena kuwa ni nani? Ukijibu kwamba ni Mwana wa Mungu, kubali na yale yanayofuata jibu hilo: kwamba alikufa kwa ajili ya dhambi zako wewe, kwamba huna cha kuongeza, na kwamba njia yake inapita msalabani na yako pia. Chukua Injili ya Marko. Ina sura kumi na sita, mtu huimaliza kwa jioni moja. Isome yote, ukijiuliza kila sura huyu ni nani na amekuja kufanya nini. Kama una hirizi kiunoni, ivue leo. Kama kuna mtu uliyemwibia, mrudishie wiki hii. Kama kuna mtu unayemchukia, mtaje kwa jina katika maombi yako usiku huu. Na kama hujawahi kumwambia Kristo kwamba wewe ni mwenye deni na yeye ndiye aliyelilipa, piga magoti hapo ulipo umwambie sasa, kabla hujaweka karatasi hii chini.